Lucy au Thymian? Filamu mbili bubu za binti na ukali wa nyumbani

Ukiwa na jioni moja tu, utazame Broken Blossoms ya D. W. Griffith (1919) au Tagebuch einer Verlorenen ya G. W. Pabst (1929)? Mimi ya Pabst.

Griffith anatupeleka Limehouse, London. Babake Lucy (Lillian Gish) ni bondia anayemchapa. Akimwamuru atabasamu, binti anasukuma pembe za mdomo kwa vidole viwili. Uasi wake wote ni kujihifadhi kwa Mchina mwenye duka, na unamgharimu maisha. (Mchina mwenyewe kaigizwa na Mzungu wa Marekani. Inakera.)

Kwa Pabst, Thymian (Louise Brooks), binti wa mfamasia, anazalishwa na msaidizi wa babake. Anakataa kuolewa naye, basi familia inampeleka kwenye nyumba ya kurekebisha wasichana. Humo hata supu inanyweka kwa mdundo: mke wa mkurugenzi anagonga, vijiko vinapanda na kushuka pamoja. Usiku mmoja wasichana wanawageukia walezi, kipigo kinatembea, Thymian anatoroka.

Gish atakuliza, sikatai. Lakini Brooks anamkodolea macho anayemwonea. Tafuta tu nakala iliyokarabatiwa, maana filamu hii ya Pabst ilikatwakatwa na wakaguzi wa filamu.