Nilivyochekwa renji kwa sababu ya rivolva yangu

Jamani naandika hii nimekaa kwenye gari hapa pakingi, waifu kaniambia kunywa maji kwanza ndio uandike, maji nimekunywa na hasira iko palepale.

Ni renji moja ya ndani, ukumbi wa kupigia shabaha, huku Houston, jina nalihifadhi. Nilikuwa naenda zamani kabla ya korona, enzi hizo unakuta wazee wa kofia, mtu anakuja na kibunduki chake cha .22, anapiga risasi hamsini taratibu, anaokota maganda yake anaondoka. Sasa nimerudi nimekuta dunia nyingine kabisa. Kila leni ni bunduki aina ya AR-15 nyeusi fupi, ubavuni tochi, juu kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, vijana wamevaa vizibao vya kuzuia risasi utadhani ile karatasi itajibu mapigo. Mmoja kaweka simu kwenye stendi anajirekodi akibadilisha magazini, shabaha yenyewe wala haiangalii. Haya, kila mtu na starehe yake.

Mimi nimekuja na rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, Smith & Wesson Model 10 yangu, ile .38 ya risasi sita ambayo polisi wa Marekani walitembea nayo miaka nenda rudi kabla bastola za magazini za Glock hazijaingia miaka ya 80 zikafagia kila kitu. Kaniuzia mzee mmoja tuliyekuwa naye ghalani, mpini wa mbao, umechujuka palepale kiganja kinapokaa. Nimeiweka kaunta kistaarabu, silinda wazi, mtutu umeelekea ukutani. Kijana wa kaunta, ndevu kachonga, kaiangalia, kamwita mwenzie njoo uone hii, wakacheka. Halafu ananigeukia, "mzee, hii umeitoa makumbusho?" Mbele ya mke wangu! Na foleni nyuma yetu!

Nikanyamaza. Akachukua sumaku akapitisha kwenye boksi langu la risasi, ikanasa, akaisukuma risasi kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mende kwenye ugali, hizi hapana. Sawa, sheria naijua, risasi yenye chuma inatoa cheche kule mwisho wa leni na baruti isiyoungua ikijikusanya inaweza kuwaka moto, pia chuma kinaharibu kizuizi chao cha risasi. Kosa langu, nakubali, lile boksi nilinunua siku nyingi. Lakini kuna namna ya kumwambia mtu mzima bwana. Nikanunua za kwao karibu mara mbili ya bei niliyonunulia zangu, na za .38 zenyewe siku hizi zimepanda kuliko za 9mm ambazo kila mtu anapiga.

Sasa kilichonichoma zaidi ni hiki. Nasubiri chenji natupa jicho nyuma yake, kwenye kabati la kioo limefungwa kufuli kuna nini? Colt Python. Rivolva! Risasi sita, kama yangu, ila Colt wameirudisha sokoni 2020 na bei yake unanunulia gari bovu. Pembeni kuna bunduki ya makauboi, ile ya kukoki kwa kushusha na kupandisha kikono cha chini, ambayo Winchester walikuwa wanaitengeneza tangu karne ya 19, lakini hii wametoa mbao wakaweka plastiki nyeusi, reli ya tochi na mdomo wa kufungia sailensa, kile kizuia mlio (maana kodi ya sailensa ya dola 200 iliyokuwepo tangu 1934 imeshushwa mpaka sifuri kuanzia 2026, basi kila kitu sasa kinachongewa mdomo). Na huyuhuyu kijana anamwambia mteja mwingine ndio fasheni ya sasa hii, inaisha haraka. Yaani ya kale ikipakwa rangi nyeusi ni fasheni, ikibaki na mbao yake ni makumbusho! Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobore, anashindilia baruti kwa ufito, na nyama ilikuwa inafika nyumbani.

Kwenye maoni yao mtandaoni nilishaamua kuwapa nyota moja. Tatizo ni waifu. Yeye hana bunduki akakodi Glock yenye nukta nyekundu, na yule yule kijana akaja leni kwetu, akamrekebisha mikono, ilipokwama risasi akamwonyesha taratibu jinsi ya kuitoa, bila dharau hata chembe, akampa na viziba masikio vizuri zaidi bure. Waifu hajawahi kushika bastola maisha yake, matundu yake yote ungeyafunika kwa kisosi. Yangu yalikuwa yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Hasira zilinitetemesha mkono, msinicheke. Na hiyo nukta, sitaki kusema, lakini inasaidia, hasa ukishaanza kuvaa miwani ya kusomea kama mimi.

Kwa hiyo nikapandisha nyota tatu, hewa safi, leni safi, mafunzo kwa mgeni safi. Nimeshaandika kabisa.

Tunatoka, huyo kijana ananifuata mlangoni, anaongea chinichini mwenzie asisikie, "mzee, ile rivolva huuzi?"

Nimefungua tena nimerudisha nyota moja. Waifu anasema yeye Jumamosi anarudi, keshalipia leni, mimi nitamsubiri hapahapa pakingi.