Kufundishia hesabu: vizibo vya soda au njiti za chelewa?

Kwa Darasa la Kwanza na la Pili hapa Dar es Salaam, vyote vinapatikana kirahisi: vizibo kwenye maduka ya soda, njiti kwenye fagio la chelewa.

Vizibo ni vizuri kwa kuhesabu hadi 20 na kuanzia kuzidisha: safu 3 za vizibo 4 zinaonyesha 3 × 4 waziwazi. Vioshe kwa sabuni, vigonge kwa nyundo viwe bapa, visikwaruze vidole. Mtoto akipata jumla tofauti kila mara, huenda anarudia kizibo kilekile. Asukume kila alichohesabu upande wa pili wa dawati.

Kazi ni kwenye makumi. Vizibo kumi hubaki rundo tu, ilhali njiti hufungika, na hapo hazina mpinzani. Kata za sentimita 10. Kila watoto wawili wapate njiti 50 na mipira 5 ya kufungia hela. Kwa 27 + 15, waweke mafungu 2 na njiti 7, kisha fungu 1 na njiti 5. Njiti zisizofungwa ni 12: wafunge kumi, zibaki 2. Mafungu sasa ni 4, jibu 42. Ile “moja mkononi” wanayoikariri sasa wanaishika. Kwenye 42 − 15, wanafungua fungu moja kwanza.

Mafungu wafunge wenyewe, hata kama kipindi kitakwenda polepole. Ukiwapa yaliyokwisha kufungwa, wapo watakaoona fungu kama kitu kimoja, na mafungu 2 na njiti 7 watakwambia ni 9.