Hita ya injini kwenye baridi ya Edmonton: hita haina shida, angalia waya

Gari langu ni la petroli, silinda nne, na linalala nje. Hapa Edmonton, Kanada, Januari joto linaweza kushuka hadi hasi 30, na mwaka mbaya linakaribia hasi 40. Kwa baridi hiyo oili inakuwa nzito, betri inaishiwa nguvu, na starta inajivuta kana kwamba haitawasha. Nilimpa fundi kazi ya kunifungia hita ya umeme ya wati 400, ya kuipasha injini moto kabla sijaiwasha, na sijutii hata senti.

Alimwaga kulanti (maji ya kupoza injini), akang'oa kizibo kimoja cha bati ubavuni mwa bloku, yaani kile chuma kikuu cha injini, akaiweka hita pale. Ncha yake inazama kwenye kulanti, inaipasha moto, na joto linapanda taratibu kwenye chuma chote. Ukichomeka plagi yake kwenye umeme wa nyumba, sogeza sikio karibu na boneti: utasikia mlio mdogo kama wa birika la umeme linapoanza kupata moto. Usiposikia kitu, chomoa kwanza, kisha pima plagi ya hita kwa mita ya omu. Kwa umeme wa hapa wa volti 120, hita ya wati 400 husoma karibu omu 36. Isiposoma chochote, imekatika ndani.

Asubuhi gari linawaka mara moja, na hewa ya moto inafika kwenye kioo mapema zaidi.

Sasa usalama, na hapa naomba tusikilizane. Hatari kubwa niliyoiona iko kwenye maungio ya waya. Jirani yangu alitumia ekstensheni nyembamba ya ndani ya nyumba, ya pini mbili. Plastiki yake ilikakamaa kwa baridi ikapasuka, na plagi iliyokuwa inalegea ikapata moto hadi pini moja ikawa nyeusi na plastiki ikayeyuka pembeni. Nunua ekstensheni ya nje, ya pini tatu, geji 14 au 12 (namba ikiwa ndogo, waya ni mnene), na fupi kadiri itakavyofika. Chomeka kwenye soketi inayojikata umeme ukivuja. Maungio yasilale kwenye theluji. Na baada ya nusu saa hivi yaguse: uvuguvugu sawa, yakiwa ya moto chomoa upande wa ukutani kwanza.

Waache mafundi wafunge ule waya wa ndani ya boneti mbali na feni, mikanda na bomba la ekzosi. Mimi nilikagua mwenyewe kabla ya kulipa. Kulanti ikipungua pia usichomeke, maana hita ikikaa kavu inaungua.

Kuiacha hita ikiwaka usiku kucha hakuna maana. Naondoka saa moja asubuhi, taima inawasha saa kumi alfajiri: hiyo ni yuniti 1.2 za umeme, wakati saa kumi na mbili zingekula 4.8. Na kwa wenye gereji, tafadhali sana, msiwashe injini ipate moto mlango ukiwa umefungwa. Kaboni monoksaidi, gesi iliyo kwenye moshi wa injini, haina harufu na inaua. Hita inaipasha injini bila moshi wowote.

Nisichokipenda ni kifuniko cha plagi ya hita inayotokeza mbele ya gari. Ni chepesi, kinapotea, kisha chumvi ya barabarani inakula pini. Nyota nne kati ya tano. Wenye pikapu kubwa za dizeli, wati 400 hazitawatosha. Ulizeni za wati 1,000 hivi, na hapo ekstensheni iwe geji 12.