Vifaranga wa Kisauni: muulize kwanza baba ni yupi

Huyu jamaa wa mashine ya kutotolesha huku Kisauni, jina silitaji, nshanunua kwake mara mbili, na zote mbili nilitaka majike watupu maana mie ni mtu wa mayai, majogoo ntawapeleka wapi na majirani washanichoka na hao wawili nilionao.

Mara ya kwanza wallahi alinifurahisha. Alikuwa na jogoo mweusi wa Australorp na majike wa mistari, wale Plymouth Rock asili yao Marekani. Vifaranga wote weusi ila baadhi wana doa jeupe utosini, akanambia wenye doa madume, we beba wasio na doa. Nikabeba 20, shilingi 150 mmoja, katoni ina matundu vizuri, tuktuk mpaka nyumbani hakufa hata mmoja. Na wote 20 wakatoka matembe, saa hizi wanataga.

Nimerudi baada ya Idi, nakuta jogoo mweusi kashauzwa, sasa jogoo ndo wa mistari na majike ndo weusi. Nikaona si yaleyale tu. Safari hii vifaranga wote wana doa, jamaa akanambia basi chagua wenye doa dogo hao ndo majike, nikachagua 20 nikalipa. Kufika wiki ya nane hivi naona mmoja kaota undu mwekundu, kesho yake mwengine, mwisho nahesabu mapora 11!

Ndo nikaenda kuuliza wanaojua. Kumbe kwa binadamu baba ndo anaamua mtoto mume ama mke, kwa kuku ni mama. Ile mistari, ambayo kwa kifaranga ndo inaonekana kama hilo doa, iko kwenye kromosomu (kibeba urithi wa mwili) inaitwa Z, jogoo anazo mbili, jike anayo moja tu na ya pili yake ni W, haina mistari. Sasa mama akiwa wa mistari, hiyo Z yake wanapata wanawe wa kiume peke yao, mabinti wanachukua Z ya baba mweusi, ndo maana hawana doa. Ukigeuza, baba wa mistari halisi Z zake zote mbili zina mistari, kila mtoto anapata moja, dume kwa jike, utachagua nini hapo? Habari ya doa dogo ni ya Plymouth Rock kwa Plymouth Rock, pale dume anapata dozi mbili doa linakuwa kubwa zaidi, na hata hapo watu hukosea.

Ila kwa moja namtetea. Jirani yangu analalamika ati kauziwa mayai ya kuku wa rangi ya kijivu wanaoitwa bluu, yakatotoa weusi na weupe wenye madoa. Hapo hakuibiwa bwana, bluu kwa bluu ndo hivo, kama nusu bluu, robo weusi, robo hao kama walomwagiwa wino. Anataka bluu watupu? Ampandishe mweusi na huyo wa madoa.

Nilipompigia jamaa hakuzima simu, alicheka kisha akanipunguzia bei ya safari ijayo, na vifaranga wake wana afya kusema kweli, chanjo ya kideri anapiga. Ntarudi, lakini akishapata jogoo mweusi. Mapora saa hizi yawika saa kumi alfajiri, mawili nshayapika pilau.