Uzoefu wangu: U2 jukwaani, kutoka Elevation hadi Sphere

Mtu akiniuliza ni ziara ipi ya U2, bendi ya rock ya Ireland, iliyokuwa kali kuliko zote, huwa naipima kila ziara kwa wimbo mmoja: "Where the Streets Have No Name". Karibu kila ziara wanaupiga. Ukitaka kujua onyesho zima limepangwaje, angalia wameuweka wapi na wamefanya nini pale mwanzoni, kinanda kinapotanda polepole kabla ya gitaa la The Edge kuingia.

Kwangu mimi, Elevation ya 2001 haijapata mpinzani. Ilipigwa zaidi kwenye kumbi za ndani, na jukwaa lilikuwa na njia yenye umbo la moyo iliyozunguka kundi la mashabiki waliosimama. Mbwembwe hazikuwepo. Jamaa wanne walitoka taa za ukumbi zikiwa bado zinawaka, kama mafundi waliokuja kukagua nyaya, wakaanza kupiga. Nilikuwa nimebanwa ukingoni mwa moyo huo. "Streets" ilikuja usiku umeshakolea, ikiunganishwa na "Bad" bila hata nafasi ya kupumua, ukumbi wote ukamulikwa mwanga mweupe. Mwimbaji Bono alipopita mbio nilikuwa nimeweka viganja pembeni mwa njia, nikasikia inavyodunda kwa hatua zake. Muda wote huo sikuwa na haja ya skrini.

Ziara ya 360° (2009 hadi 2011) ilikuwa habari nyingine kabisa. Lile dude la miguu minne, ambalo mashabiki walilipachika jina la The Claw, lilisimama kimo cha mita 50 hivi ndani ya uwanja wa mpira, na chini yake ilining'inia skrini ya mviringo iliyoweza kurefuka kuelekea chini. Maonyesho 110, watu zaidi ya milioni 7, mapato ya dola milioni 736: rekodi hiyo ilidumu mpaka mwimbaji Ed Sheeran alipoivunja 2019. Siwezi kubisha kwamba lilikuwa jambo la kustaajabisha. Ila mimi nilikaa viti vya juu, na huko sauti ilifika imeshagonga kuta na kurudi. Ngoma za Larry Mullen nilikuwa naziona kwanza, kisha nazisikia. Mwaka wa kwanza, tena, walifungua na nyimbo za albamu mpya ambazo wengi tulikuwa hatujazizoea. "Streets" waliibakiza kwa kipindi cha nyongeza, baada ya "One" na kipande cha "Amazing Grace", na hapo ndipo uwanja ulipoamka kweli.

Mwaka 2017 waliadhimisha miaka 30 ya albamu ya The Joshua Tree kwa kuipiga yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hapa ndipo palipo na mjadala. Mullen alitoka peke yake hadi jukwaa dogo, akaanza mapigo ya "Sunday Bloody Sunday", wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Nyimbo za mwanzo zote zikapigwa pale bila picha yoyote. Ndipo skrini kubwa nyuma yao, yenye upana wa mita 60 hivi, ikageuka nyekundu tupu na kinanda cha "Streets" kikaanza. Mwili ulinisisimka. Shida ni kwamba albamu ile imeweka nyimbo zake tatu maarufu kuliko zote mwanzoni kabisa. Zikiisha hizo, wa pembeni yangu walianza kwenda kununua vinywaji. Wakaikosa "Red Hill Mining Town", wimbo ambao bendi haikuwahi kuupiga hadharani kabla ya ziara ile, ukisindikizwa na tarumbeta za wanamuziki walioonekana kwenye skrini. Kwangu huo peke yake ulitosha kulipia tiketi.

Sphere ya Las Vegas, ukumbi wa umbo la mpira ambao kuta na dari yake ya ndani ni skrini moja kubwa, walikopiga maonyesho 40 kati ya Septemba 2023 na Machi 2024, si ziara hasa, ila lazima niitaje. Sauti yake sijawahi kuisikia kwingine: safi, kila neno linaeleweka hata ukiwa mbali. Katika "Streets" unajikuta jangwani, bendera ya moshi mweupe ikipepea juu ya kichwa chako. Nilipoangalia huku na huku, karibu kila mtu alikuwa ameinua simu kuelekea angani, na wale wanne pale chini walikuwa vijitu vidogo tu. Tena Mullen hakuwepo kwa sababu za kiafya. Bram van den Berg alishika nafasi yake na hakukosea popote, lakini mimi ni mtu wa ngoma, na ule ugumu wa kijeshi wa Larry niliukosa usiku kucha.

Wakirudi tena barabarani, nitatafuta tiketi ya kusimama karibu na jukwaa dogo kabla hata sijauliza skrini ina ukubwa gani.