Jaramogi wa rangi nne: picha niliyoinunua mnadani Kisumu

Mimi huchapa fulana kwa skrini, yaani kitambaa chenye matundu kinachopitisha wino, hapa Kondele, Kisumu, mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo picha ya kuchapwa siinunui kwa kuiangalia kwa mbali. Siku ya mnada niliomba ruhusa, nikaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Ni uso wa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, kwa rangi nne: waridi usoni, manjano kwenye kofia, nyuma yake kijani cha magugu ya ziwani, na juu ya zote ule weusi wa picha yenyewe. Mtindo ni wa Andy Warhol, msanii wa Marekani aliyeanza kumchapa Mao, kiongozi wa China, mwaka 1972, mwaka ule ule Rais Nixon alipozuru China. Mao wake mmoja aliuzwa New York mwaka 2015 kwa dola milioni 47.5. Jaramogi wangu nilimpata kwa shilingi 18,000, na kwangu hizo si pesa kidogo.

Kilichonishika ni kofia. Picha ikitayarishwa kwa skrini hugeuzwa nukta, nene penye giza, ndogo penye mwanga. Na Jaramogi alivaa ogut tigo, kofia ya shanga. Nukta zimeangukia palepale penye shanga, hata ukisogea karibu hujui ipi ni shanga na ipi ni wino. Mao wa Warhol yuko kichwa wazi, hilo hana. Fulana zote nilizochapa, sijawahi kulipata jambo kama hili.

Weusi umehama kushoto kama milimita mbili, sikio likabaki na ukingo wa waridi. Jirani yangu wa kibanda anasema ni kosa. Sikubaliani naye. Skwiji, kile kipande cha mpira cha kusukumia wino, ilivutwa kwa mkono, na ukingo ule unaupa uso uhai. Kosa liko chini kulia: wino ulikauka kwenye matundu ya kitambaa, usinga wa Jaramogi ukakatika katikati. Nakala yangu ni ya 23 kati ya 30, imeandikwa hivyo kwa penseli. Skrini ilipaswa kuoshwa kabla ya kufika hapo.

Waliouza wamenikera kwa mawili. Ada ya mnada ya asilimia 10 niliisikia nikiwa tayari nalipa, na nyuma ya fremu wameweka katoni ya kawaida, ambayo huzidi kugeuza karatasi kuwa ya njano kila mwaka. Ukinunua, fungua fremu, uweke katoni isiyo na asidi. Mimi nilitumia shilingi 900 kwa fundi wa fremu.

Mama yangu, mzaliwa wa Bondo aliyemwona mzee akiwa hai, alisimama mbele ya picha kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kofia ndiyo yenyewe." Nimeitundika kwenye korido, mbali na dirisha, maana jua la Kisumu huanza kula waridi.