Tahadhari, Lubumbashi: anauza antivirusi, kisha anakutoza kutengeneza imeili aliyoiharibu mwenyewe

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa ninyi wenye biro za transiti mjini, kuna kijana anapita mlango kwa mlango akiuza antivirusi "ya mwaka mzima" kwa dola 15. Amevaa vizuri, ana maneno matamu, risiti hatoi. Malipo ni kwa simu, na jina linalotokea si la duka lolote.

Mama mmoja jirani yetu, anayetoa mizigo mpakani Kasumbalesa, alimkubali. Huyu mama anapokea fakture na karatasi za duane kupitia Thunderbird, programu ya kusomea imeili kwenye mashini. Antivirusi iliwekwa asubuhi, mchana imeili haiingii wala haitoki, na kila mara linatokea dirisha la kusema cheti cha seva (kitambulisho cha mashini ya mbali inayotunza barua) hakiaminiki. Akampigia yule kijana. Jibu: "Mama, imeili yako bameiiba. Mashini iko na virusi mingi, lazima tuifomati. Ongeza dola 30, unipatie na neno la siri."

Hakuna aliyeiba kitu. Antivirusi nyingi zina sehemu ya kukagua barua. Kwa kuwa mawasiliano na seva siku hizi yamefungwa kwa siri ili mtu mwingine asiyasome, antivirusi inajiweka katikati, inafungua, inakagua, halafu inafunga tena kwa cheti chake yenyewe. Thunderbird ina orodha yake ya vyeti. Cheti hicho kigeni kisipokuwemo, inagoma, na ina haki ya kugoma. Kwenye lile dirisha la onyo tulibonyeza kuangalia cheti, na mahali pa mtoaji palikuwa pameandikwa jina la antivirusi ileile aliyouza asubuhi.

Tulichofanya hakikugharimu hata franga moja. Kwanza tulifungua sanduku lake la barua kwenye kivinjari: barua zote zilikuwapo, kwa hiyo akaunti ilikuwa nzima. Kisha tukaingia kwenye mipangilio ya antivirusi, tukazima ukaguzi wa barua peke yake, si ulinzi wote. Tukafunga Thunderbird na kuifungua tena. Barua zikaanza kushuka. Kiambatisho chenye virusi bado kitakaguliwa pale utakapojaribu kukifungua au kukihifadhi, maana ulinzi wa mafaili unaendelea kufanya kazi.

Sasa hilo neno la kufomati, yaani kufuta kila kitu kwenye mashini, ndilo lililonikasirisha. Kuna njia mbili za kupokea barua. Ukitumia IMAP, barua zinabaki kwenye seva. Ukitumia POP, kuna uwezekano mkubwa zimeshushwa kwenye mashini yako na seva haina tena nakala. Fomati hapo, na karatasi za miaka zinapotea, halafu mkaguzi wa duane akija utamjibu nini? Na neno la siri usimpe mtu wa namna hii kamwe. Mwenye nalo anaweza kusoma fakture zako kimyakimya na kumwandikia mteja wako namba nyingine ya benki, kwa anwani yako mwenyewe.

Kuna biro nyingine iliyonunua kwake, ambako sanduku zima la barua zilizoingia lilitoweka. Thunderbird kwa kawaida inaweka barua za folda moja ndani ya faili moja kubwa, basi antivirusi ikikuta kiambatisho kimoja kibovu inaweza kubeba faili lote karantini, yaani mahali inapofungia mafaili mabaya. Ikikupata hiyo, usibonyeze kufuta, na usiondoe antivirusi kabla ya kurudisha faili, la sivyo huenda likaenda nayo. Ukishalirudisha, ifute ile barua mbovu, kisha iambie antivirusi iruke folda ya profaili ya Thunderbird, ile inayotunza barua zako.

Kuhusu "leseni" yenyewe: anaandika ufunguo kwa biki kwenye kipande cha karatasi. Niliweka karatasi za biro hizo mbili pamoja, zilifanana herufi kwa herufi. Ufunguo wa mtu mmoja ukigawiwa mtaa mzima, kampuni iliyoutengeneza ikigundua inaufunga, na anakuja kukuuzia mwingine. Anakataza pia kufanya mise à jour (kusasisha), eti "itaharibu". Antivirusi isiyosasishwa haijui virusi vya wiki iliyopita, sasa unalipia nini?

Mwenye Windows 10 au 11 tayari ana Defender ndani, antivirusi ya Windows yenyewe, bila malipo. Inajiweka pembeni ukiweka antivirusi nyingine, na inarudi ukiiondoa. Iangalie kwenye Sécurité Windows. Ukitaka kununua ya kulipia, sawa, lakini isajiliwe kwa anwani yako mwenyewe, na tarehe ya mwisho uione ndani ya programu, si kwenye karatasi.

Nasikia sasa anapita upande wa komuni za Kamalondo na Kenya, hapahapa mjini. Aliyepewa karatasi kama hiyo aitunze na picha ya malipo ya simu. Huyu mama anakwenda kushitaki, na wengine wakiwa nazo itasaidia.